Cheti cha ubobezi kwa nesi kina faida gani? Maswali mnayoniuliza kila siku huku Kigoma

Nimechoka kujibu mmoja mmoja jamani. Mwingine ananishika koridoni, mwingine ananipigia saa tano usiku nimeshavua viatu, juzi kuna mdogo wangu mmoja kanifata mpaka kwenye foleni ya dagaa Kibirizi kuniuliza hilihili la cheti. Basi nimeyaweka yote hapa, mtu akiuliza namtumia. Mi ni nesi wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa au kumtia ganzi wakati wa upasuaji, nilianza na diploma wodini, nikakaa kituo cha afya miaka kadhaa, nikaenda kusomea usingizi, nikarudi. Kwa hiyo naongea kama mtu aliyepita humo, kama we unatafuta maneno ya hotuba ya siku ya wauguzi hapa sipo.

Hicho cheti si ndo leseni yenyewe?

Hapana, na hapa ndo wengi wanachanganya. Leseni unapewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, kazi yake ni kumlinda mwananchi, ajue huyu anayemchoma sindano amesoma na jina lake limo kwenye daftari la Baraza. Bila leseni hai humshiki mgonjwa, imeisha hiyo. Ila leseni yangu na ya wewe uliyetoka chuo mwaka jana zinafanana, haisemi nani anajua kulaza mtu usingizi, nani anajua kulea kichanga cha gramu 1,100, nani anaweza kukaa na mgonjwa wa akili aliyechafukwa bila kukimbilia kamba. Cheti cha ubobezi ndo kinasema hayo, na kinakaa juu ya leseni, hakichukui nafasi yake.

Njia za kukipata ziko mbili. Huku kwetu mara nyingi unaingia darasani, unasoma kozi ya chuo, unarudi na karatasi yako. Wamarekani wao wanataka kazi kwanza, mtihani baadaye. Mfano CCRN, cheti cha manesi wa wagonjwa mahututi, kipo tangu 1976, ili ukae ule mtihani njia moja wapo ni uwe na masaa 1,750 ya kumhudumia mgonjwa mahututi kwa mkono wako ndani ya miaka 2. Piga hesabu, kwa shifti ya masaa 8 hizo ni shifti kama 219, na za ofisini hazihesabiwi. Ukimaliza hapo ndo unakutana na maswali 150 kwa masaa 3, na ukifaulu kinadumu miaka 3 tu halafu unaonyesha tena umeendelea kufanya kazi na kusoma, la sivyo unarudi kwenye mtihani. Wa thieta wana chao kinaitwa CNOR, nacho kinadai miaka 2 na masaa 2,400. Mi mtindo huu wa masaa kwanza naupenda kuliko wetu, ntasema kwa nini huko chini.

Nikipata mshahara unapanda?

Kwa serikalini, kwa cheti peke yake, usitegemee. Mshahara wetu unafata muundo wa utumishi, na muundo unaangalia kiwango cha elimu: mwenye diploma yuko ngazi ya mshahara TGHS B, mwenye digrii anaanzia TGHS C. Ukitoka diploma ukaenda digrii unaomba kubadilishiwa muundo, hapo pesa inasogea (ikichelewa ni hadithi nyingine, tuiache leo maana presha yangu iko sawa na nataka ibaki hivyo). Ila ukienda kozi fupi ya miezi mitatu ukarudi na cheti kizuri chenye muhuri, mshahara wa mwezi unaofuata utakuwa uleule, na hakuna wa kumlaumu kwa sababu hakuna aliyekuahidi.

Kabla hujaenda kaa na afisa utumishi wako umuulize swali moja tu, nikirudi na hiki nitatambulika kwa cheo gani? Akikujibu kwa kuzungukazunguka, jua jibu ni hapana. Kwenye hospitali za mashirika ya dini na za binafsi mambo ni ya kuongea, kuna sehemu wanakuongeza kidogo, kuna sehemu wanakuongeza kazi. Na yale mashirika yanayohudumia wakimbizi huko Kasulu na Kibondo, ukiwa na fani mkononi inakubeba kwenye usaili, ila mikataba yao ni mifupi, usiache ajira ya kudumu kwa kuona gari jeupe lenye antena.

Sasa kama hela hakuna faida iko wapi?

Hili ntajibu kwa urefu maana ndo swali lenyewe.

Kigoma we unaijua. Mama anaweza kuanza uchungu kijiji cha mwambao, boti, pikipiki, halafu ndo akione kituo cha afya. Ndo maana mkoa huu miaka ile walianzisha upasuaji kwenye vituo vya afya bila kusubiri bingwa, daktari msaidizi anashika kisu, nesi au mkunga aliyefundishwa anashika usingizi. Mi nimetokea humohumo.

Usiku mmoja tumeletewa mama, mtoto wa kwanza, amesukuma tangu mchana mtoto hashuki. Nikampa ganzi ya mgongoni, tukamlaza, nikamwekea shuka lililokunjwa chini ya nyonga ya kulia ili tumbo lisikandamize ule mshipa mkubwa wa damu, dripu inakimbia, presha iko sawa. Nilichofundishwa, na ambacho kabla ya kozi nilikuwa sikifanyi kabisa, ni kuweka vidole vyangu viwili kwenye kiganja cha mgonjwa na kumwambia nibane. Unaongea naye kila dakika, mama unaitwa nani, nibane, umetoka wapi, nibane tena. Dakika ya nne hivi alibana kama mtoto mchanga anavyobana. Nikamuuliza jina tena, akanijibu kwa kunong'ona. Mashine bado inasoma namba nzuri! Aliyeko pembeni angesema mama ametulia. Kumbe ganzi inapanda, ikishafika mikononi pumzi inafata, na mtu hawezi kupiga kelele kwamba hapumui kwa sababu pumzi ya kupigia kelele haipo.

Nikamwambia daktari subiri kidogo, nikashika ambubegi (mfuko wa kumpumulia mtu kwa mkono), barakoa usoni, oksijeni, efedrini ya kupandisha presha, miguu juu, nikaanza kumpumulia. Presha ilishuka kweli dakika moja baadaye, ila imetukuta tumeshajiandaa. Mtoto akatoka akalia. Mi nimebinya ule mfuko karibu saa nzima huku nahesabu, vidole vimekufa ganzi kuliko vya mgonjwa. Asubuhi nikaenda kumuona wodini, akaniambia, "Sista, nilikuwa nakusikia unahesabu."

Faida ninayoizungumzia ni hiyo. Nilijua cha kuangalia kabla mashine haijaniambia, na daktari aliposikia "subiri" kutoka kwangu alisubiri, hakuniuliza we nani. Miaka ya nyuma kabla sijasoma niliwahi kusema subiri nikaambiwa sista acha woga.

Kuna ushahidi wowote kwamba wagonjwa wanapona zaidi, au ni stori zako tu?

Upo, ila usome wote usichague mstari unaoupenda. Marekani mwaka 2011 ilitoka tafiti iliyoangalia hospitali za majimbo manne, wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Waliona kila hospitali ilivyoongeza kwa asilimia 10 manesi wenye digrii ambao pia wana cheti cha ubobezi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 2. Na kuongeza asilimia 10 ya manesi wenye digrii, asilimia 6. Lakini kwa manesi wenye cheti bila ile digrii hawakuona tofauti ya maana. Yaani cheti kilifanya kazi kikiwa kimesimama juu ya msingi. Halafu hiyo ni tafiti ya kulinganisha hospitali na hospitali, hospitali inayojali kusomesha manesi huenda inajali na mengine mengi, kwa hiyo usiende nayo kwa metroni ukimwambia imethibitishwa kwamba mimi nikisoma hakufi mtu.

Semina ya siku moja yenye cheti inahesabika?

Inahesabika kwenye pointi zako za kujiendeleza, hilo sawa. Kama ubobezi, hapana, na hapa tuna mfano wa nyumbani kabisa. Hospitali ya Haydom kule Manyara waliwafundisha wahudumu kumsaidia mtoto asiyepumua akizaliwa, ile ya dakika ya dhahabu, yaani dakika ya kwanza, kozi ya siku moja. Wakawapima baada ya miezi 7. Kwenye mdoli wa mazoezi walikuwa wamekuwa wazuri sana, ila walipoangaliwa leba na watoto wa kweli, hakuna kilichobadilika! Siku moja, cheti kimetoka, picha zimepigwa, leba ni ileile. Wakabadilisha, mazoezi mafupi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, unapita unashika mdoli dakika chache unaendelea na kazi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mtindo huo baadaye ukapelekwa kwenye vituo 30 kwenye mikoa mitano, na majirani zetu wa Tabora wamo, pamoja na Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalitoka 2025, vifo vya watoto vya wakati wa kuzaliwa na saa za kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Ndo maana nikasema napenda habari ya masaa kwanza. Mkono unasahau. Mi mwenyewe nikirudi likizo ya mwezi, siku ya kwanza naanza na mdoli kabla sijaanza na mtu, na sioni aibu.

ACLS nayo ni ubobezi?

Hapana. Ile ni kadi ya kumaliza kozi ya kuokoa mtu ambaye moyo umesimama, inakaa miaka 2. Kozi nzuri, ifanye ukipata nafasi, ila usijiite bingwa wa moyo.

Nichague fani gani?

Watu wanachagua fani kama wanachagua kitenge, kwa kuona aliyevaa mwenzake. Fungua vitabu vya MTUHA vya kituo chako, vile vya kumbukumbu za wagonjwa, kaa navyo jioni moja na kalamu. Wanaokuja ni nani, wanaopewa rufaa ni nani, na wanaokufa wanakufa na nini. Kituo kinachotoa rufaa za vichanga kila wiki kinahitaji nesi wa watoto wachanga kuliko kinavyohitaji nesi wa ICU (wodi ya mahututi), maana ICU yenyewe hakuna, utarudi na ujuzi wa ventileta, mashine ya kupumulia, kwenye jengo lisilo na ventileta na baada ya mwaka umesahau.

Halafu jipime na wewe. Usingizi unataka mtu asiyechoka kuangalia kitu kimoja kwa muda mrefu, na anayeweza kumwambia daktari hapana. Afya ya akili inataka subira ya ajabu, na huku kwetu ni fani yenye upungufu mkubwa kwa sababu watu wanaiogopa jina, mtu anadhani akienda kusoma karibu na hospitali ya akili ya Mirembe kule Dodoma atarudi anaongea peke yake. Macho nayo watu wanaisahau, ila nesi wa macho wilayani ni mfalme, hana mpinzani. Ukunga ndo wengi wanaukimbilia na sawa tu, kazi ipo.

Mi nikiulizwa kwa Kigoma nasema usingizi na watoto wachanga. Najua najipendelea.

Nikasomee wapi nikiwa huku?

Kwa fani nyingi utasafiri, hilo jiandae nalo. Muhimbili wana masta za uuguzi za wagonjwa mahututi, ukunga na afya ya akili. Bugando Mwanza na KCMC Moshi ndo wengi wa kanda hizi tumepita, mi usingizi nilisoma mwaka mmoja, na ule mwaka nilimuacha mwanangu wa darasa la pili kwa mama yangu Ujiji, nikirudi likizo kwa treni alikuwa ananiita shangazi kwa kunitania. Kwa hiyo hesabu yako isiwe ya ada tu. Weka chumba, nauli, anayelea watoto, na ile posho ya zamu unayoizoea ambayo ukiwa masomoni haiji.

Kabla hujalipa hata shilingi hakikisha chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa, NACTVET kwa cheti na diploma, TCU kwa digrii, na waulize Baraza kama watakiingiza kwenye kumbukumbu zako. Kuna mwenzetu alisoma mwaka mzima kozi ambayo haitambuliki popote, sasa ile karatasi iko kwenye fremu sebuleni kwake, wageni wanaisifia.

Vya onlaini vipi? Nimeona kimoja cha dola 20, masaa mawili.

Dola 20 nunua mawese. Kinachotolewa kwa masaa mawili bila mtu kukuona ukishika mgonjwa ni risiti. Vipo vya kimataifa vya ukweli ambavyo sehemu kubwa ya masomo unaweza kusomea nyumbani, mfano IBCLC ya washauri wa unyonyeshaji, ila angalia wanachodai kwa nesi au mkunga: masaa 95 ya masomo ya unyonyeshaji na mawasiliano, masaa 1,000 ya kuwasaidia kina mama ndani ya miaka 5, halafu mtihani, na kila miaka 5 unahuisha. Ukiona cheti kinadai jasho kiasi hicho, hapo ongea.

Nataka kwenda nje, kitanisaidia?

Nje mlango wa kwanza ni leseni ya huko, ubobezi unakuja ndani ya nyumba. Uarabuni utahakikiwa vyeti kupitia DataFlow na mtihani wa Prometric kwa nchi nyingi, na ule sio ubobezi, ni wa leseni, ingawa mwenye uzoefu wa ICU, thieta au leba ndo anayetafutwa. Marekani ni NCLEX, mtihani wao wa leseni, kwanza, hiyo CCRN bila leseni ya kwao huigusi. Uingereza hawana mambo mengi ya vyeti vya mtihani kama Wamarekani, unasajiliwa NMC, baraza lao la uuguzi, na kila miaka 3 unaonyesha masaa 450 ya kazi na 35 ya kujiendeleza. Kwa hiyo kama lengo ni nje, anza kuandika masaa yako leo, tarehe, wodi, ulifanya nini, na usainiwe. Daftari la shilingi elfu mbili. Watu wanakuja kukumbuka miaka mitano baadaye, metroni ameshastaafu na hospitali haina kumbukumbu.

Bosi amekataa kuniruhusu, anasema tutabaki na nani?

Muelewe kidogo kwanza. Wodi yenye manesi watatu ukiondoka mmoja wanabaki wawili na usiku una masaa 12. Usimwendee kwa maneno ya haki yangu. Omba uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri mwaka mmoja kabla, na kwenye barua weka idadi, mwaka huu tumetoa rufaa ngapi za kina mama kwa kukosa mtu wa usingizi, gari imekula mafuta lita ngapi. Mafuta yanasikilizwa kuliko machozi.

Ila na mabosi nao tusiwapake mafuta. Mi niliporudi na cheti changu, sehemu niliyokuwa wakati huo walinipangia dirisha la kuandikisha wagonjwa. Miezi 7! Nimesomea usingizi, nauliza watu jina la balozi wa nyumba kumi. Kila nikiuliza naambiwa vumilia kuna upungufu. Siku ya dharura wananiita mbio natoka dirishani naenda thieta, ikiisha narudi dirishani. Kilichonitoa hapo ni lile daftari langu, niliandika kila dharura niliyoitwa, tarehe na saa, nikapeleka kwa mganga mfawidhi mpya karatasi moja, zilikuwa 41. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye ratiba ya thieta. Kwa hiyo ukirudi, na ukapangiwa getini, andika.

Wenzangu watanionea wivu nikirudi?

Baadhi, ndiyo. Hasa ukirudi unaongea Kiingereza kwenye makabidhiano. Shusha sauti, fundisha kitu kimoja kidogo ambacho kitawarahisishia shifti. Mi nilianza na ile ya vidole, nibane, leo hata mhudumu wa usafi wa thieta nimeshamkuta anamwambia mama mmoja nibane huku mi nasugua mikono kwa sabuni.

Nina miaka 44, diploma, watoto watatu. Nimechelewa?

Nilikuwa na 39. Darasani kwetu kulikuwa na baba wa miaka 51 kutoka Sikonge, alikuwa anasinzia kwenye somo la dawa na anatuamsha sisi kwenye vitendo.

Naweza kuomba noti zako?

Za usingizi zipo, kurasa za kati zililiwa na mchwa nilipokuwa napanga Gungu, kwa hiyo ganzi ya mgongoni ipo nzima na mashine ya gesi imebaki nusu. Njoo Jumamosi nisiyokuwa zamu, njoo na daftari, na mdoli wa kufanyia mazoezi ninao, mguu mmoja umekatika ila kifua kinapanda vizuri tu.